Shimo la Mchanga la Mtaa wa Yadi Halifukiwi

Risala ya wakazi wa Mtaa wa Yadi, mji wa Kessler Siding, Montana, kwa Mheshimiwa Diwani Corinne Lathrop, Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani za Mji. Msomaji ni Bwana Walt Drozdowski, dereva mstaafu wa treni. Bustani ya pamoja, Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Mgeni rasmi,

Tunaanza na ungamo, usije ukalisikia kwa watu likiwa limeshatiwa chumvi. Siku ile ya joto la kwanza, mwishoni mwa Mei, mjinga alikuwa Walt Drozdowski. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako ameshika karatasi. Kikao cha wakazi kilimchagua aisome habari yake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kura kumi na tisa dhidi ya moja, na hiyo moja unaweza kukisia ilikuwa ya nani. Kwa hiyo ukisikia "Walt alifanya hivi, Walt akasema vile", usimwonee huruma. Ameagizwa asiruke mstari hata mmoja.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu bustanini. Kiti chako tumekiweka kivulini, kahawa ipo, na pai ya rubabu, ile mboga ya mashina machachu, ya Verna Haugland ipo pia. Pai utakula, uamuzi wako uwe wowote. Sisi ni wakaidi, lakini hatujawa wakatili.

Ulipoingia umepita kibao chekundu cha kamati yako, kile kilichopigiliwa misumari kwenye lango letu. Hatujakitoa. Tumekifuta vumbi ili kisomeke. Kinasema: SHIMO HILI LA MCHANGA NI HATARI KWA WATOTO. LIFUKIWE KABLA YA TAREHE MOSI SEPTEMBA. Maneno hayo ni ya kweli tupu, ila yanahusu shimo jingine. Shimo hilo halipo tena. Tulilifukua na kulitoa lote sisi wenyewe, mbao na mchanga, na hakuna aliyetutuma. Hili unalolitazama, lenye watoto saba na ndoo sita, ni la pili. Kati ya lile na hili kuna habari ambayo kamati yako haikuja kuiuliza, ikaona ni rahisi zaidi kuleta nyundo na kibao. Leo tunakusimulia yote.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu wa reli. Asiyekuwa dereva alikuwa fundi wa karakana, na asiyekuwa fundi ameolewa na mmoja wao na anaijua ratiba kuliko mumewe. Wanaofanya kazi sasa huitwa kwa simu saa yoyote, wakaondoka sahani ikiwa bado mezani, na watoto wao saba hubaki kwa Verna, nyumba ya kijani ya kona. Mdogo kuliko wote ana miaka miwili, mkubwa ana sita. Wa miaka minne ni Junie, mjukuu wa Walt.

Nyuma ya nyumba zetu upo uchochoro, kisha ua wa vichaka vya karagana, kisha reli. Ukivuka reli ya kwanza tu, unaukuta mnara wa mchanga. Unaujua, Mheshimiwa, umekulia hapa. Vichwa vya treni hujazwa mchanga pale, dereva aunyunyize relini magurudumu yasiteleze juu ya barafu. Unaomwagika hubaki chini, mkavu, laini, mweupe kama sukari. Haya, nenda kamwambie mtoto wa miaka minne kwamba ule mchanga si wake.

Mwezi wa Aprili, theluji ilipoanza kuyeyuka, Verna aliwahesabu watoto akapata sita. Akahesabu tena. Sita. Tulitawanyika mtaa mzima tukiita, na aliyemwona Junie ni Walt. Alikuwa amechuchumaa chini ya behewa la ngano lililosimama, na ndoo yake ya plastiki, anachota. Walt alisikia hewa ikifyonza kwenye mabomba: breki zinaachia. Sauti hiyo aliishi nayo miaka thelathini na sita, na alijua kwa hesabu ya pumzi amebakiwa na muda gani. Akamkamata mtoto kwa kifundo cha mguu, akamvuta kama gunia. Ndoo ikabaki. Treni ilipopita tuliikuta imekuwa bapa kama bahasha.

Zamani, huko upande wa mashariki, Walt aliwahi kuendesha treni ambayo haikusimama kwa wakati. Hasemi habari hiyo na sisi hatumuulizi. Tunaitaja leo kwa ruhusa yake, ili uelewe kwa nini asubuhi iliyofuata hakunywa hata kahawa. Aliingia bustanini na sululu, akaanza kuchimba.

Wazo lake lilikuwa zuri, na mpaka leo ndilo wazo letu. Watoto wanafuata mchanga. Basi mchanga ukae nyumbani, ndani ya uzio, mbali na reli, na mguu wa mtoto utakaa nyumbani pia. Wazo hilo hatulitubii. Tunayotubia ni yaliyofuata.

UJINGA WENYEWE

Mgeni rasmi, mtu wa Kessler Siding akihitaji mbao hafikirii duka. Anafikiria mataruma. Yakishang'olewa chini ya reli hulundikwa kando, na kila mwenye toroli huchukua. Ngazi zetu za nyuma ni mataruma. Kuta za kuzuia udongo ni mataruma. Vitalu vyetu vya nyanya vilikuwa mataruma, na tulijisifu navyo. Hayaozi, kwa sababu yamechovywa kreosoti, dawa nyeusi ya ukoo wa lami, ambayo mdudu akiinusa tu anahama mtaa. Walt akapanga mataruma manane, mraba safi, kona zimekaa sawasawa. Akarudi nyuma hatua tatu akautazama, na tunasikitika kusema alipiga mluzi.

Kisha akafikiria mchanga, akasema maneno haya mbele ya mashahidi: "Watoto wanaupenda ule wa mnara? Basi tuwaletee ule ule wa mnara." Aliomba kwa watu wa zamu, akapewa, akasukuma toroli ishirini na mbili.

Verna alipita na kapu la nguo akasimama.

"Walt, hii harufu gani?"

"Harufu ya kazi, mama."

"Inanuka karakana tupu."

"Karakana imekulisha miaka arobaini hujalalamika. Leo ndiyo inanuka?"

Verna akanyamaza, akaenda kuanika nguo zake. Anasema kunyamaza kule ni kosa lake yeye, si la Walt, na alitaka liandikwe. Tumeliandika.

Wiki za kwanza zilikuwa za baridi na kila kitu kilikwenda vizuri. Ndipo likaja lile joto. Kufikia saa sita mchana mataruma yalikuwa yanatoka jasho. Kreosoti ilipanda juu ya mbao, ikang'aa, ikaanza kutiririka pale pale watoto walipokalia. Upepo nao, ambao katika mji huu haujui sikukuu, ukauinua ule mchanga. Mchanga wa treni umekaushwa mpaka ukabaki na vumbi usiloliona, na chembe zake zina makali, maana kazi yake ni kung'ata chuma. Haukutengenezwa kwa ajili ya pua ya mtoto. Junie alitoka mle akikohoa, viganja na mapaja meusi, na chini ya ule weusi ngozi imeiva kama nyanya. Verna alimsugua kwa mafuta ya kupikia, kisha kwa sabuni ya vyombo, saa nzima. Walt alishika beseni. Junie akamtazama akasema, "Babu, mchanga wako unauma."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Walt alijitetea. Alisema yeye ameshika mataruma tangu akiwa kijana na bado yu hai. Verna hakuinua hata kichwa. "Mzee," alisema, "tulikuomba uwatoe watoto relini. Nani alikwambia uilete reli kwa watoto?"

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Tunacheka sasa kwa sababu ngozi imepona, na kwa sababu muuguzi wa kliniki alikisikiliza kile kikohozi mara tatu kwa wiki tatu na kutuambia kifua ni safi.

TULICHOJENGA

Walt alianza kulifukua shimo lake jioni ile ile, peke yake, hataki msaada. Siku ya pili walikuwa watu wanne, hawakumuuliza. Siku ya tatu tulikuwa mtaa mzima. Tulichimba mpaka harufu ikaisha, tukaongeza kina cha koleo moja, tukaongeza kingine. Mataruma hatukuyachoma, maana moshi wake ni sumu kuliko yenyewe. Tuliyafunga kwenye turubai tukayapeleka kwenye jalala la taka za hatari, tukapanga foleni na wenye mapipa ya mafuta machafu. Tulipomaliza, macho yetu sote yakageukia vitalu vya nyanya. Navyo tukaving'oa. Mwaka huu, Mheshimiwa, Mtaa wa Yadi hauna nyanya. Hata hiyo rubabu iliyomo kwenye pai imetoka kwa shemeji yake Verna, upande wa pili wa mji.

Kabla ya shimo la pili Walt alifanya jambo ambalo hatukumbuki kumwona akilifanya tangu astaafu: aliuliza. Alikaa maktaba siku mbili. Alimuuliza muuguzi. Alimuuliza hata binti wa duka la mbao, mdogo kuliko viatu vyake, akayaandika majibu kwenye daftari lake la safari.

Sasa angalia mwenyewe, na kama huamini inama ushike. Shimo la kwanza lilikuwa karibu na karagana, pazuri kwa mtu anayependa kutazama treni zikipita. Hili liko mbele ya dirisha la jiko la Verna, na akiosha vyombo anaona vichwa vyote saba. Chini kuna kokoto za kupitisha maji, ili mvua isigeuze shimo kuwa dimbwi. Juu ya kokoto kuna kitambaa kinachozuia magugu na udongo lakini kinaachia maji. Mbao ni mwerezi mtupu, haukuchovywa wala kupakwa chochote. Nusa. Unanuka kabati la bibi yako. Kona zimezungushwa na kila skrubu imezamishwa ndani ya mbao.

Vibanzi tulivitafuta kwa njia ya Verna. Alivaa soksi yake ndefu ya nailoni mkononi, akaupitisha mkono taratibu juu ya kila ubao. Pale soksi iliponasa, alipiga alama ya chaki.

"Imenasa hapa."

"Hapo? Hapo ni laini kama siagi."

"Soksi haina undugu na mtu, Walt. Piga msasa."

"Hiyo soksi ilishatatuka tangu mwaka wa harusi yako."

"Wewe je? Piga msasa."

Alipiga msasa mara tatu kuzunguka shimo lote, mpaka soksi ikapita bila kunasa popote. Soksi hiyo iko mezani karibu na sahani ya pai. Unakaribishwa kuivaa.

Mchanga ni wa mto, ulioviringwa na maji na kuoshwa. Walt alikwenda kuuchagua siku yenye upepo mkali makusudi, akaurusha ngumi kwa ngumi hewani, amevaa shati jeupe. Ule uliomwachia vumbi shatini aliuacha huko huko. Alikataa marundo mawili na kuchukua la tatu, na mwenye machimbo alituuliza baadaye kama yule mzee ni mzima. Tukamjibu ameanza kupona.

Mfuniko ni wa vipande viwili vinavyokunjuka vikawa viti vya kukalia wakubwa. Ukifungwa, paka hawageuzi mchanga kuwa choo chao. Unashuka polepole, na pembeni kuna vigingi vinavyouacha wazi kwa unene wa vidole viwili, ili kidole cha mtoto kisikutane na ubao. Lango lina springi linajifunga lenyewe, na kitasa chake kiko juu, Junie ameshakijaribu kwa kusimama juu ya ndoo akashindwa, akatutukana.

Tangu shimo hili lifunguliwe zimepita siku arobaini na mbili. Verna ametoa hesabu kila siku asubuhi, mchana na jioni. Hajapata sita hata mara moja.

BENDERA

Ile bendera ya bluu uliyoiona kwenye mti mfupi karibu na shimo, tunajua ulipoiona ulisimama kidogo kabla ya kuendelea. Tulikuona.

Kwa ajili ya vijana waliokuja na kamera na hawajui: mfanyakazi wa reli akiingia chini ya behewa au katikati ya mabehewa mawili, hutundika bendera ya bluu. Ikiwa juu, hakuna kinachosogea. Haiondolewi na bosi wala na mwenye haraka, hata kama ngano ya nchi nzima inasubiri. Huiondoa aliyeitundika, kwa mkono wake, baada ya kuhakikisha kila mtu ametoka. Mtu anaweza kufukuzwa kazi asubuhi kwa kugusa bendera isiyo yake, na jioni hata rafiki zake hawamnunulii bia.

Hapa tumeleta desturi hiyo hiyo. Mtoto wa kwanza akiingia mchangani, mtu mzima anayewaangalia anapandisha bendera. Ikiwa juu, mfuniko haufungwi na mashine ya kukata nyasi haiwashwi. Anayeishusha ni yule aliyeipandisha, baada ya kuhesabu vichwa kwa sauti. Wazo hilo ni la Walt pia, na tunalitaja ili asiondoke hapa na sifa ya mataruma peke yake.

Marehemu baba yako, Ellis Lathrop, alikuwa mfunga mabehewa. Walt alifanya naye kazi miaka kumi na moja, na baba yako alirudi nyumbani kwenu akiwa mzima kila siku ya miaka hiyo kwa sababu watu waliiheshimu bendera yake. Hatulisemi hili kukubembeleza. Ni kukwambia tu kwamba hatuhitaji kukufundisha.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ya kwanza ni reli, ya pili ni kamati yako.

Baada ya ile siku ya Aprili tuliandika barua tatu kuomba uzio upande wa mnara wa mchanga. Ya kwanza hatukujibiwa. Ya pili hatukujibiwa. Ya tatu tuliambiwa kwa simu kwamba imepokelewa. Mpaka leo pale pana karagana na matundu ndani ya karagana, ya kimo cha mtoto.

Lakini mtu mmoja alipopeleka malalamiko kuhusu shimo la kwanza, na alikuwa na haki kuyapeleka, zilipita siku tisa tu kibao chekundu kikafika. Kwa hiyo tunajua kamati ina uwezo wa kutembea haraka. Kilifika hapa kikakuta shimo limeshafukuliwa na Walt amepiga magoti anapima mwerezi kwa pimamaji. Aliyekileta, Bwana Howard Prentice, karani wa kamati yako, alikipigilia langoni bila kuvuka lango. Walt alimwita: "Bwana mdogo, ingia uone, hili ni jingine!" Bwana Prentice akasema yeye ameandikiwa shimo, hakuandikiwa la ngapi.

Tuliandika barua tena. Jibu likaja na picha ya nyasi. Nyasi nzuri, za kijani, zimekatwa vizuri, mahali pa shimo. Tunaomba kuuliza kwa heshima zote: mwana gani wa mtu aliyewahi kuchota nyasi kwa ndoo? Watoto watazitazama nyasi zenu dakika tano, kisha watakwenda kule kwenye mchanga. Nanyi mnajua uko wapi.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita, Bwana Prentice alirudi na kijiko kidogo, mashine ya kuchimbia, na dereva wake, Lyle Bessette. Ilikuwa saa nne asubuhi na watoto wote saba walikuwa mchangani. Kijiko kikaingia kwa lango kubwa la nyuma, kikaja mpaka pale penye alama za minyororo yake, unaziona, kisha kikasimama. Lyle akazima injini.

"Kuna nini?" Bwana Prentice akauliza.

"Bendera iko juu."

"Ni kitambaa, Lyle. Ni foronya iliyokatwa."

"Nakiona. Cha bluu."

"Watoto watatolewa. Dakika moja tu."

"Wakitolewa, aliyeiweka ataishusha mwenyewe. Mimi nimefanya kazi kwenye genge la reli miaka tisa, bwana. Unaweza kuniandikia barua, unaweza kumpigia mke wangu, mashine hii haisogei."

Verna alikuwa ndiye aliyeitundika. Alitoka jikoni na aproni, mikono ina unga. Walt alikuwa amesimama karibu na mti wa bendera. Alikuwa anamtazama Junie. Junie aliona kijiko kikubwa kuliko chake, akafurahi, akakipungia mkono.

Kilichosemwa baada ya hapo tutakiweka mwisho, kwa sababu barua yako ya juzi imetudai jibu la maandishi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa desturi hapa ndipo watu hupiga magoti. Tulikuwa na maombi manne. Tulipoyasoma kikaoni tukafuta matatu, maana yalianza na "tunaomba radhi", na radhi tumeshamwomba anayestahili. Ana miaka minne, na alitusamehe kwa masharti ya ndoo mpya.

Limebaki moja. Leta uzio wa mnara. Siku uzio huo utakaposimama kutoka uchochoroni mpaka daraja, wa chuma, bila matundu, njoo tena, tukae, tuzungumze kuhusu nyasi. Tutakuwa na pai nyingine. Kabla ya siku hiyo shimo hili halifukiwi. Kibali tumekiomba kwa fomu zenu, kurasa sita, tumejaza hata ile sehemu inayouliza kama shimo lina mabomba ya gesi. Fomu iko mezani. Kalamu iko juu yake.

Mezani pia utaona mkasi na koleo. Ukichukua mkasi, utepe ule pale, watoto wameusubiri tangu asubuhi. Ukichukua koleo, hatutakuzuia kwa mkono. Tunachotaka ni kwamba mchota udongo wa kwanza asiwe Lyle wala Bwana Prentice. Uwe wewe, Mheshimiwa, mbele ya hawa saba, ukiwaeleza wenyewe unachofanya na waende kucheza wapi. Sisi tutakaa kimya tukusikilize.

KUFUNGA

Tunakutakia afya na safari njema mpaka nyumbani. Mungu awalinde walio safarini sasa hivi na mabehewa mia nyuma yao, awarudishe wakiwa kamili, na wawakute watoto wao pale walipowaacha. Akupe na wewe, mgeni wetu, macho ya kuona kilichopo badala ya kilichoandikwa.

Ni sisi, Wakazi wa Mtaa wa Yadi, nyumba zote kumi na nne.

Na sasa jibu la barua yako. Unatutaka tueleze kwa maandishi ni nani atakayewajibika endapo mtoto ataumia ndani ya shimo hili. Swali hilo Bwana Prentice alimuuliza Verna Jumanne ile ile, pale pale penye alama za minyororo, kitabu chake cha kumbukumbu kikiwa wazi. Verna alimjibu, naye akafunga kitabu, akapanda gari, akaondoka, na Lyle akarudisha kijiko nyuma taratibu. Sisi tulioshuhudia hatukuona cha kuongeza, kwa hiyo tumelinakili lilivyo.

Bwana Prentice alisema, "Mama, yote hayo ni mazuri. Nijibu kitu kimoja tu. Mtoto akiumia humu, nani atawajibika? Nataka jina."

Verna akafuta unga kwenye aproni. "Andika Verna Haugland, nyumba ya kona. Umeandika? Haya, fungua ukurasa wa pili, uniandikie na mimi jina la atakayewajibika mtoto akiumia kule relini ukishafukia hapa."